Mista Murphy Yupi?

Siku yangu ya nne kazini nilimpelekea mzee mwenye kisukari uji wa shayiri wenye vijiko vitatu vya sukari na ndizi mbivu juu. Akaonja kijiko cha kwanza, akafumba macho. Akaonja cha pili. "Binti," akaniambia, "tangu 1998 sijala kitu kama hiki," na kabla sijaelewa anasema nini alikuwa ameshafika katikati ya bakuli. Muuguzi wa zamu ndiye aliyekuja mbio kumpokonya.

Hakudhurika. Walimpima sukari mara tatu, kufikia jioni ikawa imetulia. Mimi ndiye sikutulia. Niliitwa ofisini, nikaandikiwa ripoti, nikaenda kulia chooni. Nilikuwa nimetoka Kisumu wiki tatu tu zilizopita, deni la tiketi bado liko shingoni, na niliona kama ndege ya kunirudisha imeshawasha injini.

Kosa lenyewe lilizaliwa na adabu. Pale kwenye makao ya wazee, nje kidogo ya jiji la Cork, kusini mwa Ireland, kila mtu huitwa kwa jina lake la kwanza. Msichana wa miaka ishirini anamwambia mzee wa miaka themanini na sita, "Denis, njoo ule." Mdomo wangu ulikataa. Kwetu mzee wa umri ule ni kwara, babu yangu, hata kama sijui ametoka wapi, na jina lake la utotoni nawaachia rika lake. Kwa hiyo nikajiwekea sheria: kila mwanamume nitamwita Mista, kisha jina la ukoo. Asubuhi ile trei yangu iliandikwa D. Murphy. Nikasimama mlangoni mwa ukumbi wa chakula, nikauliza kwa heshima zote, "Mista Murphy?"

Vichwa vitatu viligeuka. Kimoja kikaitika. Nikakipa uji.

Wakazi wetu walikuwa thelathini na wanne, na Murphy walikuwa watano: wanawake wawili na wanaume watatu. Kati ya hao wanaume, wawili walikuwa Denis. Mpaka siku hiyo, Murphy niliyemjua mimi ni Eddie, yule wa sinema za kanda tulizokuwa tukiazimishana mtaani. Nilidhani ni jina la Mmarekani mweusi.

Aliyenipangusa machozi ni sista mmoja kutoka Kerala, India, ambaye alikuwa amekaa Ireland miaka kumi na miwili. Akaniambia nimsikilize vizuri: hapa kuuliza "Murphy" ni kama kusimama sokoni Kibuye ukaita "Otieno!" Hilo la Otieno nimeliongeza mimi, yeye alitaja jina la kwao. Akanifundisha vile wenyewe wanavyojitenganisha. Yule mwenye kisukari ni Denis Bán. Mwenzake, mwenye haki na ule uji, ni Denis Jack Tim. Jack ndiye baba yake, Tim ndiye babu yake. Unamtaja mtu na ngazi mbili za juu, basi hakuna wa kukosea. Bán ni neno la Kiairishi, maana yake "mweupe", na kwa mtu ni yule mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Nikauliza: sasa hilo linasaidia nini, na wote wawili vichwa vyeupe kama pamba? Sista akacheka. Nywele zile zilikuwa za babu yake Denis. Mjukuu alirithi lakabu, nywele hakurithi.

Hapo nilianza kuwaelewa. Darasani kwetu Dunga tulikuwa na akina Otieno wanne. Mmoja Otieno Mrefu, mmoja Otieno wa Posho Mill, mmoja alijulikana kwa jina la mama yake, na wa nne, maskini, alikuwa Otieno Yule Mwingine mpaka tukamaliza darasa la nane. Jina likishakuwa la watu wengi mno, watu huacha kulitumia. Wanatengeneza lingine ndani yake.

Denis Bán alinipenda kwa sababu ya ule uji. Kila nilipokuwa na zamu ya mchana alitaka chai yake niilete mimi, na akinong'ona kama anaomba bangi: "Hakuna kasukari kidogo leo?" Nilikuwa nakaa naye dakika kumi, na siku nyingine ishirini kama msimamizi ametoka. Alikuwa mkulima, mtu wa ng'ombe wa maziwa na viazi, mjane, mwenye binti anayefundisha Kiairishi katika shule ya sekondari. Yeye mwenyewe alikijua Kiairishi kutoka kwa bibi yake, si cha vitabu, na ndiye aliyeniambia kwamba Murphy si jina.

"Ni kelele tu," alisema. "Ni sauti aliyoisikia karani wa Kiingereza akaiandika alivyoweza."

Jina lenyewe ni Ó Murchadha, ambalo siku hizi huandikwa Ó Murchú. Ile "ch" ya katikati hutoka kooni, kama watu wa Mombasa wanavyoitamka kh ya "kheri". Sisi wa bara tunaosema "heri" tunapata taabu kidogo. Murchadh lilikuwa jina la mtu, jina la kwanza, kabla halijawa la ukoo. Limeunganishwa na maneno mawili: muir, yaani bahari, na cath, yaani vita. Murchadh ni mpiganaji wa baharini. Ó maana yake ni mjukuu, na kwa kupanuka, kizazi cha fulani. Mac ni mwana. Kwa hiyo Ó Murchadha ni mjukuu wa mpiganaji wa baharini. Na Denis, aliniambia, mara nyingi ni kiraka tu cha Kiingereza kilichobandikwa juu ya Donncha, ambalo nalo lina vita ndani yake: mpiganaji wa rangi ya kahawia.

"Mpiganaji wa kahawia, mjukuu wa mpiganaji wa baharini," alisema akinyoosha miguu yake iliyovimba. "Na siwezi kuogelea. Nilipanda meli mara moja tu kwenda Uingereza, nikatapika mpaka Wales."

Nikamwambia mimi ndiye mtu wa maji. Baba yangu alikuwa mvuvi, na Waluo hujiita watu wa ziwa. Labda tulibadilishiwa majina mahali fulani.

Akataka kujua langu lina maana gani. Nikamweleza: Akinyi ni msichana aliyezaliwa asubuhi. Odhiambo, jina la baba yangu, ni mvulana aliyezaliwa jioni. Akafurahi sana kwamba jina linaweza kueleza saa. Akaniuliza ile O ya Odhiambo ni ya mjukuu pia? Nikasema hapana, kwetu O mbele ya jina huwa ya mwanamume na A ya mwanamke, basi. Uzao tunautaja kwa maneno mengine. Mwana wa fulani ni wuod. Binti wa fulani ni nyar.

"Nyar," akarudia. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba binti yake hajiiti Ó Murchú. Hawezi. Ó ni ya mwanamume. Mwanamke aliyezaliwa katika ukoo huo ni Ní Mhurchú, na hapo m hulainika ikasikika kama v: Ni Vurakhuu. Ní ni kifupi cha maneno yenye maana ya "binti wa kizazi cha". Na mke aliyeolewa humo ni Bean Uí Mhurchú, mke wa mtu wa uzao wa Murchadh. Kwa Kiingereza baba, mama na binti wote ni Murphy tu. Kwa Kiairishi, ukisikia jina la mwanamke unajua amezaliwa humo au ameingia kwa mlango wa ndoa.

Ní na nyar. Najua ni sadfa tu, hakuna mtu wa lugha atakayeniunga mkono, lakini kuanzia siku hiyo akawa ananiita Nyar Odhiambo, kwa sauti kubwa, ukumbi mzima usikie, na mimi nikaacha kuona aibu kumwita Denis.

Sasa nirudi kwenye ritifaa, maana hiyo ndiyo iliyoniudhi mwaka mzima. Ritifaa ni kile kialama kinachokaa kwenye ng'ombe na ng'ambo. Mtu wa Nyanza anakijua tangu utotoni. Karatasi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuja imeandikwa Akinyi O'Dhiambo. Nikadhani ni bahati mbaya. Nikaenda, nikaeleza, wakaomba radhi. Ya pili ikaja vilevile. Kitambulisho cha kazini, O'Dhiambo. Barua ya kodi, O'Dhiambo. Benki wakakataa kunifungulia akaunti kwa sababu pasipoti yangu na barua ya mwajiri hazikuwa za mtu mmoja. Yule kijana wa ofisini hakuwa na ubaya wowote. Vidole vyake vimezoea O'Brien, O'Neill, O'Sullivan; vikiona O vinaweka kialama vyenyewe, kisha vinaikuza herufi inayofuata.

Nilimpelekea Denis ile karatasi nikidhani atanionea huruma. Alicheka mpaka akakohoa, ikanibidi kumsimamisha nimpige mgongoni.

Alipopata pumzi alinieleza kilichomchekesha. Mei 2011 Rais Obama alikwenda Moneygall, kijiji kidogo katika kaunti ya Offaly, kwa sababu babu mmoja wa upande wa mama yake, Falmouth Kearney, alitoka pale kwenda Marekani mwaka 1850. Jioni hiyo hiyo, mbele ya umati wa watu Dublin, Obama aliwatania kwamba amerudi nyumbani kutafuta ile ritifaa waliyoipoteza njiani. Nchi nzima ilicheka. Na mimi, Mluo mwenzake na baba yake, ritifaa aliyoitafuta rais mimi nimepewa bure, na naikataa!

Lakini kicheko chake kilikuwa na kitu kingine ndani. "Angalia," alisema, "wewe wamekuongezea. Mimi waliniondolea." Murphy hana O. Mamia ya miaka koo za Wairishi zilikuwa na Ó na Mac zao. Ni miongoni mwa watu wa kwanza Ulaya kuwa na majina ya ukoo yanayorithiwa, na jina la Ó Cléirigh limeandikwa katika kumbukumbu za mwaka 916. Kisha ukaja utawala wa Kiingereza. Sheria ya mwaka 1465 iliwaamuru Wairishi waliokaa Dublin na kaunti za jirani wajipe majina ya Kiingereza: ya mji, kama Trim; ya rangi, kama White au Brown; ya ufundi, kama Smith; ya kazi, kama Cook au Butler. Haikuwashika wengi wakati huo. Iliyowamaliza ni karne ya 17 na ya 18, ambapo mashamba, mahakama na kila karatasi yenye faida vilikuwa mikononi mwa watu wasiosema Kiairishi. Ó ilionekana ya kishamba. Watu wakaiacha wenyewe, kama mtu anavyovua viatu vya matope mlangoni mwa tajiri. Mwisho wa karne ya 19, Wairishi walipoanza kujionea fahari tena, Sullivan wengi wakawa O'Sullivan na Connor wakawa O'Connor. Murphy hawakurudi. Kwa Kiingereza O'Murphy haisikiki, na anayetaka Ó yake inambidi arudi kwenye Kiairishi kizima, Ó Murchú. Na huko haina ritifaa kabisa. Ina kimstari kilichoinama juu ya herufi, ambacho inasemekana makarani ndio walikigeuza kuwa kialama cha pembeni.

Baada ya hapo niliacha kwenda ofisini kulalamika kwa ukali. Nilikwenda kwa upole. Haikusaidia pia.

Nilianza kusoma kuhusu jina hilo usiku, zamu za usiku zikiwa kimya, kengele hazilii. Ndipo nikajua kwa nini Murphy ni wengi hivyo. Nilikuwa nikidhani ni ukoo mmoja mkubwa, kama watu wa babu mmoja waliozaa sana. Sivyo. Murchadh lilikuwa jina la kawaida la kiume karne nyingi zilizopita, kwa hiyo wajukuu wa Murchadh huyu na wajukuu wa Murchadh yule, watu wasiojuana, kila mmoja kwao, wakapata jina moja la ukoo. Kuna wa Wexford, kuna wa Cork, kuna wa Sligo, kuna wa kaskazini huko Tyrone na Armagh ambao walikuwa Mac na si Ó. Kiingereza kikawachanganya wote kwenye gunia moja. Mwaka 1890 msajili mmoja, Robert Matheson, alihesabu majina kwenye vitabu vya vizazi, akakadiria kwamba Ireland ina Murphy 62,600. Waliofuata walikuwa Kelly, 55,900, kisha Sullivan, 43,600. Zaidi ya miaka 130 imepita, uhamiaji umepunguza na kutawanya watu, na bado ukitazama orodha za watoto wanaosajiliwa siku hizi, Murphy ndiye wa kwanza.

Nilimpelekea Denis ugunduzi wangu mmoja nikidhani nimemletea zawadi: mfalme mwenye jina lake! Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster, huko mashariki mwa Ireland, karne ya 12. Uso wake ulibadilika.

"Huyo si wetu."

Nikajua nimekanyaga mkia. Diarmait alifukuzwa kwenye ufalme wake mwaka 1166, akavuka bahari kwenda kumwomba msaada Henry wa Pili, mfalme wa Uingereza. Mwaka 1169 wapiganaji wa Kinormani, raia wa mfalme huyo, wakashuka pwani ya Wexford kumsaidia. Mwaka uliofuata akaja kiongozi wao Strongbow, akapewa binti wa Diarmait, Aoife, na ahadi ya ufalme. Diarmait akafa mwaka 1171. Wageni hawakuondoka. Watu walimpa lakabu ya Diarmait wa Wageni, na kwa Wairishi wengi hilo ndilo jina la mtu aliyefungua mlango kwa miaka mia saba na zaidi ya kutawaliwa. Denis alinieleza kwa kidole kwamba uzao wa mfalme huyo ulichukua majina mengine, Kavanagh hasa, na kwamba Murphy wa Cork hawana hata tone la damu yake. Hilo ni kweli kwa kadiri nilivyosoma. Lakini nilipomtajia padri John Murphy wa Boolavogue, ambaye mwaka 1798 kanisa lake lilichomwa moto, akawaongoza wakulima wenye mikuki dhidi ya jeshi, akakamatwa na kunyongwa Tullow tarehe 2 Julai, Denis alivua kofia. "Huyo," alisema, "ni wetu."

Padri John ni wa Wexford. Kutoka Wexford mpaka kwa akina Denis ni mbali kama mfalme yule yule alivyokuwa mbali. Sikumwambia. Hata sisi, mwizi akikamatwa ni wa ukoo wa mama, akifaulu mtihani ni wa kwetu.

Siku nyingine, televisheni ya ukumbini ikionyesha sinema ya Eddie Murphy, aliniuliza swali ambalo naona lilikuwa limemkaa kifuani muda: huyu alilipataje jina letu? Nilikuwa nimejiandaa. Kuhusu Eddie mwenyewe sikuwa na la kumwambia, ila nilimsimulia habari za Isaac Murphy, mpanda farasi mweusi wa Kentucky, aliyeshinda mbio za Kentucky Derby miaka ya 1884, 1890 na 1891. Alizaliwa Isaac Burns, mwaka 1861, wakati utumwa bado ni sheria kule. Alipoanza kupanda farasi alichukua jina la babu yake mzaa mama, Green Murphy. Na kama ilivyokuwa kwa watu weusi wengi wa kusini mwa Marekani, majina ya namna hiyo yalitoka kwa wenye mashamba, na miongoni mwa wenye mashamba walikuwamo watu wa asili ya Ireland. Denis alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Alizoea kuwaza Murphy aliyevuka bahari kama mtu mwenye njaa, aliyekimbia miaka ya 1845 hadi 1852 wakati viazi vilipooza na watu wapatao milioni moja wakafa. Huyu wa pili, mwenye mjeledi, hakuwa amemkaribisha nyumbani kwake.

"Walimpa jina," alisema mwishoni, "kama wewe walivyokupa ritifaa."

Nikasema si sawa hata kidogo. Akakubali si sawa.

Tulijaribu pia kumtafuta babu yake. Sensa za 1901 na 1911 za Ireland ziko wazi kwenye intaneti, bure, nyumba kwa nyumba, na nyingi zikiwa na picha ya fomu iliyoandikwa kwa mkono wa mwenye nyumba. Za zamani zaidi ni mabaki tu: nyingi za 1821 mpaka 1851 ziliteketea katika moto wa Dublin mwaka 1922, na za 1861 mpaka 1891 serikali yenyewe ilikuwa imeziharibu. Nikafungua simu, nikaandika Denis Murphy, Cork, 1901. Zikaja kurasa na kurasa. Kwa kawaida ya wakati ule mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu yake mzaa baba, kama sisi tunavyowarudisha wazee kwa kuwaita majina yao, kwa hiyo Denis alizaa John, John akazaa Denis, mpaka leo. Tukapunguza kwa jina la kitongoji. Nyumba tatu za Murphy. Mbili kati yake, mkuu wa nyumba ni Denis. Wote wawili wakulima, Wakatoliki, wote wanajua Kiairishi na Kiingereza. Mmoja anajua kusoma, mwingine hajui. Na fomu haina nafasi ya kuandika lakabu. Serikali haikumjua Bán.

Nikamgeuzia simu aone. Aliweka miwani, akatazama majina yale muda mrefu, kidole chake kinene kikitetemeka juu ya kioo kiasi kwamba ukurasa ulikuwa unaruka juu na chini.

"Chagua yule anayejua kusoma," akasema.

Alifariki Februari, alfajiri, siku ambayo sikuwa zamu. Nilisikia redioni. Watu wa mashambani Ireland bado husomewa matangazo ya vifo na redio za mikoani, kama KBC ilivyokuwa ikitusomea jioni, nyumba nzima ikinyamaza mama akiinua mkono. Siku hiyo walikuwapo Murphy watatu. Mtangazaji alisoma jina, kisha kitongoji, kisha jina la ukoo wa marehemu mke wake, kisha, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Denis Bán". Nilikuwa jikoni namenya viazi. Huku mtaani viazi navyo huitwa "murphy", kwa utani wa zamani.

Msibani watu walipanga foleni ndefu mpaka barabarani, kila mmoja anashika mkono wa kila mfiwa, anasema maneno matatu ya pole, anasogea. Hakuna kukaa, hakuna kula kwanza. Binti yake aliponiona hakushika mkono, alinikumbatia. Kaburini jiwe la familia liliandikwa kwa Kiairishi, Ó Murchú, na nafasi yake chini ya mkewe ilikuwa imeachwa tangu zamani. Kulia Murphy, kushoto Murphy, nyuma yao Murphy.

Mvua ilikuwa ile nyembamba ya kwao isiyolowesha haraka. Bibi mmoja mfupi, kitambaa kichwani, fimbo mkononi, alinisogelea, akanitazama kutoka viatuni mpaka usoni, akanisemesha kwa Kiairishi. Binti yake Denis akanitafsiria. Alikuwa ameuliza swali ambalo watu wa vijijini huko humuuliza mtoto wasiyemjua: wewe ni wa nani? Kwetu wangesema, in nyar ng'a? Na hapo ritifaa ipo mahali pake.

"Nyar Odhiambo," nikamjibu.

Bibi akatikisa kichwa polepole kama mtu anayepekua kichwani mwake. Kisha akauliza tena, kwa Kiingereza safari hii, ili nisipate pa kukimbilia.

"Odhiambo yupi?"

Nikavuta pumzi. Nikaanza: Odhiambo mvuvi, si yule wa duka, wa Dunga, mwana wa Ouma, mwenye boti ya buluu.